Ugonjwa wa kiungo cha taya: sikio linauma, tiba iko kwa daktari wa meno

Weka ncha ya kidole mbele kidogo ya tundu la sikio, kisha fumbua mdomo polepole na uufumbe. Kile kinachotembea chini ya kidole ni kichwa cha taya la chini, na hapo ndipo taya linapoungana na fuvu. Kiungo hiki kwanza huzunguka kama bawaba, halafu mdomo ukizidi kufumbuka huteleza mbele. Katikati yake kuna kisahani chembamba cha gegedu kinachotenganisha mfupa na mfupa. Kisahani kikihama na kurudi, taya hulia “ko!” Mlio huo peke yake, bila maumivu wala taya kukwama, hauhitaji tiba. Watu wengi wanao na wanazeeka nao.

Ugonjwa wa kiungo cha taya ni jina la jumla la matatizo kadhaa: misuli ya kutafunia inayouma (hili ndilo la kawaida zaidi), kisahani kilichohama, au kiungo chenyewe kulika. Huwapata zaidi watu wazima wa miaka 20 hadi 40, na wanawake kuliko wanaume.

Shida ni kwamba maumivu yake hudanganya. Neva inayohudumia kiungo hiki hufika pia kwenye sikio, kwa hiyo mgonjwa hulalamikia sikio, hupewa dawa ya matone, na sikio likichunguzwa linakutwa zima. Wengine hung'olewa gego lisilo na kosa lolote. Mwaka 1934 James Costen, daktari wa masikio wa St. Louis, Marekani, aliandika makala akiunganisha masikio yanayouma na kuvuma na hitilafu za taya. Nadharia yake kuhusu chanzo haikusimama, ila tangu hapo wagonjwa hawa wakawa wa madaktari wa meno.

Chanzo mara nyingi si kimoja. Kuna kubana meno mchana bila kujijua, kuyasaga usingizini, msongo wa mawazo, ngumi au ajali, na kutafuna kitu kigumu kwa saa nyingi. Anayetafuna miraa jioni nzima kwa shavu lile lile analichosha taya lake, hata kama halijaanza kulalamika.

Daktari wa meno atabonyeza misuli ya mashavu na ya panjani, atasikiliza kiungo, na atapima mdomo unafunguka kiasi gani. Kwa kawaida vidole vyako vitatu vikipangwa kwa wima huingia katikati ya meno ya mbele. Eksirei huonyesha mfupa. Kisahani huonekana kwenye MRI, picha inayopigwa kwa sumaku.

Tiba huanza na mambo mepesi: chakula laini, kitambaa cha moto, dawa ya maumivu kama ibuprofen kwa muda mfupi kwa anayeruhusiwa kuitumia, na mazoezi ya taya. Kisha kuna tabia moja ya kujifunza, midomo ifumbe lakini meno yasigusane. Jikague sasa hivi unavyosoma.

Wengi hutengenezewa kifuniko cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kwa kipimo cha meno yao. Hakimwachishi mtu kusaga meno. Kinakinga meno yasilike, na baadhi ya wagonjwa hupata nafuu, ingawa matokeo ya utafiti hayalingani. Anayetaka kukukwangua meno mazima au kukufunga nyaya ili “kurekebisha mng'ato” kwa sababu ya maumivu haya tu, mwambie asubiri, utafute daktari mwingine. Jino likishakwanguliwa halirudi.

Upasuaji ni wa wachache. Miaka ya 1980 nchini Marekani wagonjwa waliwekewa visahani bandia vyenye Teflon. Vilimeguka, na mwili ulipopambana na vipande hivyo mfupa ukalika. Vikaondolewa sokoni.

Taya likiteguka baada ya kupiga miayo na mdomo ukabaki wazi, daktari hukandamiza magego ya chini kwa vidole gumba, kushuka chini kisha kurudi nyuma, na taya huingia mahali pake. Lakini mdomo usiofunguka pamoja na homa na uvimbe huenda ni usaha wa gego la mwisho, na taya linalokaza siku chache baada ya kuchomwa na msumari huenda ni pepopunda. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.