"Imepasuka yenyewe, fundi": dhana potofu kuhusu magurudumu ya kaboni na waranti

Jumatatu asubuhi kijana mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Malindi na gurudumu la nyuma kwapani. Tairi ameshalitoa. Rimu ameisugua kwa sabuni hadi inang'aa. Tyubu ameitupa. Akaniwekea gurudumu mezani, akanionyesha ufa unaoingia kidole gumba, akasema: "Fundi, imepasuka yenyewe. Niandikie barua ya waranti, dukani waniletee jingine."

Sentensi hiyo nimeisikia mara tatu mwezi huu, na kila mara mwenyewe huwa ameshafuta ushahidi wote kabla ya kuja kwangu. Rimu moja ya kaboni ni pesa ambayo ingelipa karo ya muhula mzima, na wanaoipoteza wengi ni vijana waliojichanga mwaka mzima kuinunua. Inaniuma.

Dhana: Sikuanguka, kwa hiyo ni kasoro ya kiwanda

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote.

Rimu ya kaboni haipasuki yenyewe. Ni tabaka za nyuzi za kaboni zilizoshikanishwa kwa resini na kuivishwa kwa joto ndani ya kalibu, na ikipasuka kuna nguvu iliyoizidi. Nguvu hiyo inaweza kuwa shimo la barabarani, spoki zilizokazwa kupita kiasi, joto la breki, au presha. Au kweli ni tabaka ambazo kiwandani hazikushikana vizuri. Kuanguka ni jambo jingine kabisa. Unaweza kugonga ukingo wa lami iliyokatika pale Gede, ukatukana kidogo, ukaendelea hadi Watamu bila hata kushuka kwenye kiti, na rimu yako tayari imeumia ndani.

Na hapo ndipo watu wanapopotea. Alumini ikigongwa hubonyea, ukaona kwa macho. Kaboni haibonyei. Ikigongwa, tabaka za ndani zinaweza kuachana huku rangi ya juu ikabaki nzima. Mafundi wa ndege wanaijua hali hii vizuri, kwa sababu Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni vifaa vya aina hii, na wao hutafuta kwa makini hata pigo lisiloonekana. Baiskeli haikaguliwi hivyo. Unagonga leo, unaendesha wiki tatu, halafu siku moja kwenye lami laini ya kwenda Mambrui unasikia "pa!" na unaapa kwamba hukugonga kitu. Unasema kweli, siku ile hukugonga. Pigo lilikuwa la wiki tatu nyuma.

Ndiyo maana mimi sianzi na rimu. Naanza na tyubu.

Gurudumu likigonga ukingo mkali, tairi hubanwa hadi kwenye midomo ya rimu, yaani kingo mbili zinazolishika, na tyubu hung'atwa katikati. Hutoka matundu mawili yanayokaribiana, sambamba, kama meno ya nyoka. Ukiona matundu hayo, hakuna tena mjadala wa kasoro ya kiwanda. Kisha natazama tairi: kuna mkato ubavuni, au nyuzi zimekatika kwa ndani? Mwisho ndipo nageukia rimu. Pigo la shimo kwa kawaida huvunja mdomo wa rimu, mara nyingi midomo yote miwili, mahali pamoja, mkabala. Kasoro ina sura nyingine. Nyufa huanzia kwenye matundu ya spoki au karibu na tundu la valvu, au ubavu unavimba na kuachana kama ganda la kitunguu, huku midomo ikiwa mizima na tairi halina alama.

Nitasimulia gurudumu moja ili nieleweke. Mama mmoja wa Watamu anayefanya mazoezi ya kuogelea, baiskeli na mbio aliniletea gurudumu la nyuma lenye umri wa miezi 8. Lilikuwa likilia "tik, tik" kila akikanyaga kwa nguvu. Hakuligusa, alilileta na tairi lake, na upepo wake ndani. Nililizamisha kwenye beseni: hakuna povu hata moja. Nikalitoa tairi: safi ndani na nje. Halafu nikashika tochi na lenzi. Kwenye matundu 5 ya spoki, yote upande wa mnyororo, kulikuwa na nyufa nyembamba kama unywele, kila mmoja ukikimbia kutoka tundu kuelekea tundu la jirani. Upande wa mnyororo ndio unaobeba mkazo mkubwa zaidi kwenye gurudumu la nyuma, kwa hiyo swali la kwanza ni moja: kuna fundi aliyezikaza mno? Nikapima spoki zote, moja moja, kwa kipimo cha mkazo. Rimu nyingi za kaboni zinataka kati ya kilo 100 na 130, na hakuna hata spoki moja iliyozidi kile kilichoandikwa na mtengenezaji wake.

Duka lililomuuzia lilijibu kwa mistari miwili: uharibifu wa kugonga, waranti haiufuniki. Hawakuwa wameliona gurudumu. Mama alitaka kupiga simu agombe nao. Nilimsihi asipige. Tuliandika barua pepe moja fupi yenye picha 9, kila picha na rula kando ya ufa, orodha ya mkazo wa kila spoki, picha ya tyubu imejazwa upepo, na swali moja tu: "Tuonyesheni alama ya pigo iko wapi." Wiki tatu kimya. Kisha wakaomba gurudumu lipelekwe, na baadaye likaja jipya.

Mama alipata haki yake kwa sababu gurudumu lenyewe lilikuwa upande wake na hakuna aliyelinyamazisha. Yule wa Jumatatu alikuwa ameshalinyamazisha kwa sabuni.

Kwa hiyo, likikupasukia, fanya hivi. Simama. Usilitoe tairi. Piga picha palepale barabarani: gurudumu zima, ufa kwa karibu, tairi, barabara yenyewe, na namba ya rimu iliyo kwenye stika. Andika presha uliyokuwa nayo, uzito wako, na siku ya mwisho uliyogonga kitu, hata kama jibu halikupendezi. Ikibidi tyubu itolewe, iweke kwenye mfuko, usiitupe. Usilipeleke kokote hadi muuzaji aombe kwa maandishi, na ukiliweka kwenye basi la Nairobi, tunza karatasi ya mzigo.

Na usidanganye. Nimeona madai mazuri yakifa kwa sababu mtu aliandika "sijawahi kupita barabara mbaya" wakati ana picha zake mtandaoni akiwa kwenye vumbi la Marafa.

Dhana: Wakikataa mara ya kwanza, basi

Wengi wanaishia hapa, na wauzaji wanalijua hilo.

Mkataba wako ni na aliyekuuzia. Waranti ya kiwanda ni nyongeza juu ya sheria, haiifuti sheria. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012 ipo. Ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi, na uulize ni nani aliyelikagua gurudumu na aliona nini. Jibu la "fundi wetu amesema" halitoshi. Fundi aliona nini, wapi, picha iko wapi? Nisemeje, mimi mwenyewe ni fundi, na mteja akiniuliza hivyo namjibu.

Ikishindikana kabisa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili. Lakini hayo yanasaidia ikiwa umenunua kwa muuzaji aliye Kenya. Ukinunua kwa mtu wa ng'ambo usiyemjua kwa sababu ni nafuu, unafuu huo umeulipia kwa waranti yako.

Kuna pia njia ya kati ambayo watu hawaiulizi. Kampuni nyingi zina bei ya punguzo kwa mnunuzi wa kwanza aliyevunja rimu kwa ajali au kwa kugonga. Si waranti, na huhitaji kuthibitisha kasoro. Unakiri ulichogonga, unalipa sehemu, unapata rimu. Ukianza kwa kubishana kwamba hukugonga kitu, na picha zikaonyesha umegonga, hata mlango huo unaweza kufungwa.

Dhana: Waranti ya maisha ni ya maisha ya rimu

Kwa kawaida ni ya mnunuzi wa kwanza, mwenye risiti. Ukiinunua kwa jamaa kwenye kundi la WhatsApp, umenunua rimu tu.

Dhana: Presha nyingi, mwendo mkali

Hii ingalikuwa ya kwanza kama ile ya juu isingeniudhi zaidi. Vijana wanajaza 110 psi kwa sababu baba zao walijaza hivyo kwenye tairi nyembamba za zamani. Rimu nyingi za sasa hazina ndoano ndani ya mdomo, ule mkunjo unaolishika tairi, na kwa rimu hizo kiwango cha kimataifa kinasema mwisho ni bar 5, yaani 72.5 psi. Ukizidisha, tairi linaweza kuruka. Februari 2024, kwenye mashindano ya UAE Tour, tairi la Mbelgiji Thomas De Gendt lilitoka kwenye rimu ya aina hiyo akaanguka, na mjadala wa usalama wa rimu hizo ukawaka dunia nzima. Yule alikuwa na timu na mafundi. Wewe una pampu ya kituo cha petroli ambayo kipimo chake kiligongwa na matatu. Nunua kipimo chako mwenyewe, cha namba. Na usome ubavu wa rimu na ubavu wa tairi. Namba ndogo ndiyo unayoifuata.

Dhana: Ufa mdogo nauziba kwa gundi

Hapana. Mdomo wa rimu unasukumwa na upepo wa tairi kila sekunde. Na gundi yako ikionekana kwenye picha, dai limekufa.

Dhana: Malindi hakuna milima, breki haziwezi kuchoma rimu

Kweli, hapa kwetu ni tambarare. Lakini mnapakia baiskeli mnaenda Taita, mnashuka kutoka Wundanyi hadi Mwatate vidole vikiwa vimeng'ang'ania breki njia nzima. Kama breki zako zinabana rimu yenyewe, joto hilo hulainisha resini, na upepo wa tairi hutanua ubavu. Bana kwa nguvu, achia, bana tena. Tumia raba za breki zilizotajwa na mtengenezaji wa rimu. Ukiweka za rimu za alumini, umempa sababu ya kukataa. Wenye breki za diski hili haliwahusu.

Dhana: Kaboni haishiki kutu, kwa hiyo chumvi haina neno

Kaboni haishiki kutu. Nipeli zako za alumini, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, zinaliwa, na huliwa haraka zaidi kwa sababu zimegusana na kaboni. Ukiweka vitu hivyo viwili pamoja, ukaongeza unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayolipa. Msimu wa kusi, mvuke wa bahari unafika hadi ndani ya nyumba, sembuse baiskeli iliyoegeshwa barazani Silversand. Mwezi jana nilijaribu kugeuza nipeli moja kwa spana, kichwa kikabaki mkononi mwangu na unga mweupe ukamwagika kutoka ndani ya rimu kama chumvi ya mezani. Spoki ikikatika hivyo, za jirani zinabeba mzigo wake, rimu inavutwa upande, na mwenyewe anakuja kuniambia ni kasoro ya kiwanda.

Kila anayenunua gurudumu akiwa anaishi pwani namwambia abadilishe nipeli ziwe za shaba kabla hajaliendesha. Zina uzito wa gramu chache zaidi. Nimeshabishana na watu kuhusu gramu hizo hadi sauti ikakauka. Kisha osha kwa maji matamu, si ya kisima chenye chumvi, na ulitingishe gurudumu maji yatoke kwenye tundu la valvu.

Yule kijana wa Jumatatu nilimtuma nyumbani akatafute tyubu yake. Alirudi jioni nayo, ameiokota nyuma ya jiko, ina majivu. Tuliipuliza, tukaizamisha kwenye beseni. Mapovu yalitoka mahali pawili, sambamba. Alinyamaza kidogo, kisha akakumbuka tuta moja karibu na daraja la Sabaki, usiku. Tuliandika hivyo hivyo, pamoja na picha, tukaomba ile bei ya punguzo. Barua imetoka jana.