Kulinda taarifa za hospitali si kazi ya mabingwa wa kompyuta peke yao

Wengi hudhani anayelinda taarifa za hospitali lazima awe bingwa wa kompyuta. Si kweli. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza. Ambulensi zikaelekezwa kwingine, wagonjwa wakaahirishiwa upasuaji. Sasisho la programu la kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia Microsoft ilikuwa imelitoa tangu Machi. Halikuwekwa kwa wakati.

Nesi au karani wa masjala anaifaa sana kazi hii. Yeye anajua kwa nini nywila imebandikwa kwenye skrini ya wodini: zamu inabadilika, mgonjwa anahema, hakuna muda wa kukumbuka. Mambo ya mitandao atajifunza, pamoja na sheria za kulinda taarifa binafsi: Kenya ilipitisha yake 2019, Tanzania 2022.