Iringa ina chakula, watoto wanadumaa: timu ya afya ya mkoa inafanya nini?

Watu wengi wakisikia ofisi ya Mganga Mkuu wa Mkoa wanafikiria hospitali. Mara kwa mara anaingia mtu na karatasi ya rufaa mkononi, anauliza daktari yuko chumba namba ngapi. Tunamwelekeza vizuri, lakini swali lake linastahili jibu refu kuliko "siyo hapa, mama", ndiyo maana naandika.

Mkoa haumiliki zahanati hata moja. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya halmashauri, na Iringa tunazo tano: Manispaa ya Iringa, Iringa Vijijini, Kilolo, Mufindi na Mafinga Mji. Hospitali ya rufaa ya mkoa inasimamiwa na Wizara ya Afya. Dawa zinatoka Bohari ya Dawa. Sehemu kubwa ya fedha za uendeshaji siku hizi inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ya kituo ndiyo inayopanga matumizi. Sisi kwenye timu ya usimamizi wa afya ya mkoa tunabaki na taarifa za halmashauri zote tano mezani kwa wakati mmoja, safari za usimamizi, na wajibu wa kuuliza. Mimi upande wangu ni lishe, kwa hiyo nitaeleza kwa kutumia lishe. Mwenzangu wa chanjo au wa kifua kikuu angeeleza kwa namna nyingine.

Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 56.9 ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Njombe ni asilimia 50.4, Rukwa 49.8. Wastani wa nchi ni 30. Hii ndiyo mikoa ambayo malori ya mahindi, maharage na viazi hutoka kila msimu kwenda kulisha wengine. Yaani zaidi ya nusu ya watoto wetu ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, na wanaishi pembeni ya maghala.

Kinachoniuma zaidi ni historia. Mwaka 1983 Iringa ndiyo iliyochaguliwa kuanzisha programu ya lishe ya UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, ikianza na vijiji 168. Kila robo mwaka kijiji kilikuwa na siku yake ya afya: watoto wote wanapimwa uzito, majibu yanasomwa mbele ya wanakijiji, na wao wenyewe wanajadili kwa nini watoto wa kitongoji fulani wamepungua na nini kifanyike. Utapiamlo mkali ulishuka sana ndani ya miaka michache. Mwaka 1990 UNICEF ilipotoa mwongozo wake wa namna ya kufikiri juu ya chanzo cha utapiamlo, ambao bado unafundishwa vyuoni dunia nzima, mengi yaliyomo yalikuwa yamejaribiwa kwanza hapa, kwenye vijiji vya Iringa. Sasa imekuwaje mkoa huohuo ndio unaoongoza kwa udumavu?

Sehemu ya jibu iko kwenye mizani. Uzito na urefu ni mambo mawili tofauti. Mtoto akiugua wiki mbili anapungua kilo, akipona na kula vizuri zinarudi. Urefu uliopotea kwenye siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba inatungwa hadi mtoto anafikisha miaka miwili, haurudi kirahisi. Na kliniki zetu nyingi, hadi leo, zinapima kilo tu.

Nitoe mfano mmoja. Kwenye siku ya afya na lishe ya kijiji, huko Kilolo, bibi mmoja alimleta mjukuu wake wa kike aliyekuwa ametimiza miaka miwili. Kamwene, kamwene, tukasalimiana, mtoto akaning'inizwa kwenye mizani: kilo 9.8. Muuguzi akaweka nukta kwenye kadi, ikaangukia kwenye kijani, yaani uzito wake hauna shida. Kwa utaratibu wa kawaida kazi ilikuwa imeisha, bibi angefunga khanga na kwenda zake. Lakini siku hiyo tulikuwa na ubao wa kupimia urefu. Tukamvua mtoto viatu na kofia, tukamsimamisha, visigino na mgongo vikigusa ubao, mwenzangu akamshika magoti, mimi nikashusha kipande cha kichwani. Sentimita 77. Msichana wa umri ule kwa kawaida anakaribia sentimita 86, na akiwa chini ya 79.3 tunamhesabu amedumaa.

Bibi akashangaa. "Mwanangu, huyu hana ugonjwa wowote. Ugali anamaliza sahani. Sisi ukoo wetu ni wafupi."

Hiyo sentensi ya mwisho naisikia kila kijiji, na inasemwa kwa imani kabisa, kwa sababu ukiangalia huku na huku watoto wote wamelingana. Mtoto aliyedumaa haonekani amedumaa pale ambapo wenzake nao wamedumaa. Lakini viwango tunavyotumia, vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, vilitokana na watoto wa nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto waliolelewa na kulishwa vizuri walikua karibu sawa kote huko. Kwa umri wa miaka miwili, ukoo una sehemu ndogo sana. Hili tulimweleza bibi taratibu, na yeye akatueleza kinachotokea nyumbani: mama wa mtoto anaondoka alfajiri kwenda kwenye kibarua, uji wa mahindi unapikwa mara moja na kuwekwa kwenye chupa, mayai yanauzwa kulipia michango ya shule ya wakubwa, maharage yanakwenda sokoni.

Hapo ndipo kazi ya mkoa inapoonekana. Muuguzi wa zahanati anaweza kumfundisha yule mama kuongeza karanga, dagaa na yai kwenye chakula cha mtoto. Hawezi kumpunguzia saa za kibarua, hawezi kumletea maji karibu, wala hawezi kumshauri mume aliyepo kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, tangu mchana. Kwenye kikao cha lishe cha mkoa wapo watu wa kilimo, maji, elimu, maendeleo ya jamii na mipango. Septemba 2022 wakuu wa mikoa walisaini Mkataba wa Lishe mbele ya Rais, na chini ya utaratibu huo kila halmashauri inatakiwa kutenga shilingi 1,000 kutoka mapato yake ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Mkoa ndio unaofuatilia kama fedha imetengwa na, zaidi ya hapo, kama imetoka. Kutengwa na kutoka ni vitu viwili. Nimewahi kuona fedha ya lishe ya mwaka mzima inatolewa Juni, siku chache kabla mwaka wa fedha haujafungwa, ikaishia kwenye semina. Mtoto aliyekuwa na miezi sita Julai iliyopita alikuwa ameshakaribia mwaka na nusu.

Kwa hiyo tukifika kwenye halmashauri yako na kuanza kupekua vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za kituo, na stakabadhi, msituone kama wakaguzi tuliokuja kutafuta mchawi. Tunalinganisha. Zahanati mbili jirani, zenye watu walewale na mashamba yaleyale, moja inaandika watoto wengi wenye matatizo na nyingine haiandiki hata mmoja: mara nyingi hiyo ya pili haipimi. Jambo hilo muuguzi aliye peke yake kituoni hawezi kuliona.

Kwenye kikao kijacho ombi langu ni moja: ubao wa kupimia urefu kwenye kila zahanati ya mkoa huu, na ulipwe na ile shilingi elfu moja. Fundi seremala mzuri akipewa vipimo sahihi na mbao kavu iliyonyooka anaweza kuutengeneza, na mkoa wenye msitu wa Sao Hill hauna sababu ya kukosa mbao. Na wewe mzazi unayesoma hapa, ukienda kliniki mwezi huu usiondoke na kilo peke yake. Mwambie muuguzi, "Dada, naomba na urefu." Kama hawana ubao, nenda kaseme kwenye kamati ya kituo, maana bajeti ya kituo inaanzia pale.