Bomu la kuzima umeme haliunguzi kila kitu

Wateja wanaokuja kwangu kutafuta kinga ya mitambo yao huanza karibu wote na maneno yaleyale: "Likilipuka lile bomu, kila chenye chipu kinaungua papo hapo. Simu, saa, gari, vyote." Nimeyasikia mno. Hofu naielewa. Linalonikera ni kwamba mtu akishaamini hivyo hukimbilia kununua mfuko maalumu wa kufichia simu, huku jenereta yake ikiwa imeungwa kwa waya mrefu usio na kinga yoyote.

Tatizo liko kwenye waya. Bomu la nyuklia likilipuka juu ya angahewa, miale ya gama hushuka na kugonga hewa kwenye kimo cha kilomita 20 hadi 40, ikang'oa elektroni. Elektroni hizo hupindwa na uga wa sumaku wa dunia na kutoa wimbi kali linalofika kileleni ndani ya nanosekunde chache, yaani sehemu chache za bilioni za sekunde. Ili wimbi hilo lidhuru, lazima lipate antena. Waya wa umeme au wa simu uliotandazwa kilomita nyingi ni antena hasa. Saa ya mkononi haina cha kunasia.

Tazama yaliyotokea. Julai 1962 Marekani ililipua bomu la megatoni 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston. Huko Hawaii, umbali wa kilomita zaidi ya 1,400, taa za barabarani kama 300 zilizimika na ving'ora vya wezi vikalia. Taa zilizobaki, ambazo ndizo nyingi, ziliendelea kuwaka. Oktoba mwaka huohuo Wasovieti walifanya jaribio lao juu ya Kazakhstan, na laini ya simu ya juu ya nguzo yenye urefu wa kilomita takriban 570 ikapigwa, fyuzi zikakatika.

Hapo wateja hunijibu kwamba vifaa vya wakati ule vilikuwa vigumu na chipu za leo ni laini. Ni kweli, na ndiyo sababu nasisitiza waya. Chipu laini iliyochomekwa kwenye gridi saa zote iko hatarini kuliko simu iliyo mfukoni.

Na magari? Tume iliyoundwa na Bunge la Marekani ilijaribu magari madogo 37 maabara. Matatu yalizimika injini, na hayo ni pale nguvu ya uga ilipofika kama kilovolti 30 kwa mita; mengine mengi yalionyesha kasoro ndogo tu, kama taa za dashibodi kumetameta. Lililozimika kwa namna hiyo, dereva analiwasha tena. Nakiri kwamba wapimaji hawakuongeza nguvu ya uga baada ya gari kuonyesha dalili ya kwanza, kwa hiyo jaribio hilo si cheti cha usalama. Lakini barabara iliyojaa magari mafu haitokani nalo.

Sehemu ya mwisho ya mpigo wa bomu, ile ya polepole inayofuata wimbi la kwanza, inayodumu sekunde hadi dakika, ndiyo inayoninyima usingizi, na hakuna mteja aliyewahi kuniuliza habari zake. Huingia kwenye njia kuu za umeme kama mkondo wa moja kwa moja na kuzielemea transfoma. Dhoruba ya jua hufanya jambo kama hilo: Machi 1989 iliangusha gridi ya Quebec, Kanada, na watu milioni 6 wakakaa gizani kwa saa kama tisa. Simu hazikuungua.

Wengine husema lazima liwe bomu la nyuklia. Hapana. Oktoba 2012 Boeing na jeshi la anga la Marekani walirusha kombora linalotoa mawimbi ya maikrowevu huko Utah, likazima kompyuta ndani ya jengo bila kulipua chochote. Ila silaha ya aina hiyo hupiga jengo, haipigi nchi.

Wapo pia wanaodhani Serbia ilizimwa kwa mawimbi mwaka 1999. Zilikuwa nyuzinyuzi za kaboni: NATO ilizimwaga juu ya vituo vya umeme, zikapiga shoti. Mafundi walizisafisha na umeme ukarudi.

Hata droni ikipoteza mwelekeo, usidhani imeunguzwa na mawimbi: mara nyingi imevurugiwa redio au GPS tu; saketi zake ni nzima.

Kuhusu sanduku la chuma la kukingia vifaa: linasaidia likiwa halina mwanya na hakuna waya unaoingia. Ukipitisha chaja tu, umeshalitoboa.

Mimi huwashauri hivi, na sichoki kurudia. Funga kifaa cha kumwaga volti za ziada pale waya unapoingia jengoni, na waya wake wa ethi uwe mfupi na ulionyooka. Kati ya majengo tumia faiba, yaani uzi wa kioo unaopitisha mwanga, kwa kuwa kioo hakipitishi umeme. Bodi za saketi za akiba za mitambo zikae zimechomolewa, ndani ya kabati la chuma, kwa sababu siku hiyo hutapewa muda wa kuchomoa chochote.