Let It Be haionyeshi kifo cha Beatles

Bado naambiwa kuwa Let It Be ni dokumentari ya kuvunja moyo kwa sababu Beatles, bendi ya Uingereza inayoonekana humo ikifanya mazoezi na kurekodi, walikuwa wanasambaratika mbele ya kamera. Sikubali. Kilichoiharibu ni uhariri na wakati ilipotoka.

Kalenda kwanza. Upigaji picha ulianza tarehe 2 Januari 1969 na kuisha tarehe 31. Baadaye bendi ilirudi studio kurekodi Abbey Road, albamu iliyotoka Septemba mwaka huohuo. Filamu ikaja kutoka Mei 1970, mwezi mmoja baada ya Paul McCartney, mmoja wa wanabendi, kutangaza kujitenga. Watazamaji waliingia sinema wameshasikia habari za kuvunjika, basi kila uso ulionuna ukawa ushahidi. Haina msimulizi wala tarehe kwenye skrini, hivyo hapakuwa na cha kuwasahihisha.

Uhariri ndio unaohitaji subira. Mwongozaji Michael Lindsay-Hogg alikuwa na takriban saa 60 za picha, akatoa filamu ya dakika 80 hivi. Yaani katika kila dakika 45 zilizopigwa, ilibaki moja. Kwa uwiano huo, mikanda ileile inakupa mwezi wa sherehe au wa matanga, na hakuna fremu hata moja ya uongo. Mabishano ya McCartney na mpiga gitaa George Harrison kuhusu upigaji wa gitaa yamo. George kuondoka kwenye bendi tarehe 10 Januari hakumo, wala mazungumzo ya kumrudisha. Mara tunawakuta katika studio ya chini ya ardhi ya 3 Savile Row, jengo la ofisi zao London, mwanamuziki mgeni Billy Preston yuko kwenye kinanda, nyuso zimechangamka, na hatujui kimebadilika nini. Ugomvi umeonyeshwa, suluhu imekatwa! Hilo ni kosa la mezani kwa mhariri, lakini lawama wamebebeshwa wanamuziki miaka yote hii.

Picha nayo iliponzwa. Ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 kwa ajili ya televisheni, kisha ikakuzwa hadi 35 kwa ajili ya sinema. Ukikuza picha, chembechembe zake nazo zinakua. Halafu fremu hukatwa juu na chini ili ienee skrini pana: uwiano wa upana kwa kimo ukitoka 1.37 hadi 1.85, karibu robo ya picha inapotea. Ukungu huo watu wakauita huzuni.

Sauti ya mazungumzo ilinaswa kwa rekoda za tepu za Nagra, mono, gitaa na maneno vikiwa njia moja. Mwaka 1970 hapakuwa na namna ya kuvitenganisha. Kwa Get Back ya 2021, dokumentari mpya iliyotokana na mikanda hiyohiyo, mwongozaji Peter Jackson alitumia programu iliyofundishwa kutambua kila chombo na kila sauti.

Hata hivyo nasita kuiita Get Back ndiyo ukweli. Saa zake karibu 8 nazo ni uteuzi, na pale Nagra iliporekodi bila kamera, imewekwa picha ya wakati mwingine.

Anayetaka kuwapima Beatles aanze na onyesho lao juu ya paa la jengo hilo la Savile Row, tarehe 30 Januari: dakika 42 hivi za baridi na upepo, mikrofoni zimevikwa soksi ndefu za kike. Katika wimbo Don't Let Me Down, mwanabendi John Lennon anasahau maneno, anaimba silabi za kubuni, na wenzake hawapotezi hata pigo moja.