Kuhamisha mtambo wa muziki uliotumika: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ukishachomoa plagi, umeme umekwisha."
Kwa anayebeba tu, sawa. Kwa anayefungua kifuniko, la. Kapasita za amplifaya, yaani vipande vinavyohifadhi umeme ndani yake, huweza kubaki na chaji baada ya plagi kutoka ukutani, na katika amplifaya za valvu (zile zenye taa za kioo) chaji hiyo hufikia mamia ya volti. Wapo wanaoimaliza kwa kugusisha bisibisi. Cheche yake huharibu kapasita, na mkono ukiteleza ni balaa. Siku ya kuhamisha, sioni sababu ya kufungua kifuniko hata kidogo.

Waya ndizo za kushughulikiwa. Piga picha ya nyuma ya mtambo kabla ya kuchomoa chochote, kisha vuta kwa kushika kichwa cha waya. Na kabla ya yote hayo, usikilize ukipiga hapo hapo ulipo, maana ukishaufungasha hutajua ubovu ulianzia kwa muuzaji au njiani.

"Mashine ya santuri, funga mkono wa sindano, twende."
Hapa ndipo hasara nyingi hutokea. Kile kishikizo kidogo huuzuia mkono usitembee mashine ikiwa imetulia mezani. Mitikisiko ya gari hakiiwezi. Ivike sindano kifuniko chake, na kama kichwa chake hutoka, kitoe. Toa uzito ulio nyuma ya mkono, kisha funga mkono kwa utepe usioacha gundi. Sahani inayozunguka nayo itoke isafiri peke yake: ikiachwa, kila shimo la barabarani huigongesha kwenye beringi iliyo chini yake. Mashine zinazokaa juu ya springi mara nyingi zina skrubu za safari za kuzuia springi zisicheze. Nyingine hukazwa, nyingine hulegezwa, kwa hiyo tafuta kitabu cha modeli hiyo. Baadhi ya mashine za CD pia zina skrubu kama hizo chini ya tumbo.

Ukifika, mizani ya mkono hupangwa upya. Hilo halikwepeki.

"Spika zilazwe kifudifudi, hazitaanguka."
Hazitaanguka, ila koni, ile sehemu ya mbele inayotetemeka kutoa sauti, itabonyea kitu chochote kikichomoza chini yake. Zisimamishe zikitazamana, kadibodi ngumu katikati. Za ukutani, mtu wa pili abebe uzito kabla skrubu ya kwanza haijalegea. Na kwenye spika za zamani kagua sponji inayoizunguka koni, kwa kuwa huoza na kumomonyoka. Heri uione kabla ya kulipa.

"Sumaku ya spika hufuta kila kitu."
Kaseti na tepu, ndiyo, zikae mbali. CD na santuri hazijali sumaku. Santuri huumizwa na joto na kurundikwa zikiwa zimelala, hivyo zisimamishe.

"Amplifaya nzito ni ya kubebwa na mwenye nguvu."
Uzito mwingi umo kwenye transfoma, ambayo mara nyingi iko upande mmoja. Elekeza upande huo kifuani kwako, la sivyo itakupindukia.

"Ukifika, washa uone kama imepona."
Mtambo uliotoka kwenye baridi ukaingia chumba chenye joto hutota kwa ndani. Uache saa kadhaa. Amplifaya ya valvu usiiwashe kabla ya kuunganisha spika, kwani transfoma yake ya kutolea sauti huweza kuungua.