Akiki ya mistari: tunayoyasikia dukani na jiwe lenyewe

Ukipita kwenye maduka ya masonara wa Mji Mkongwe, pete ya fedha yenye akiki huikosi. Wazee wetu wameivaa, vijana wanaivaa, na bado mengi yanayosemwa juu yake dukani si kweli. Nataja hapa yale ninayoyasikia mara kwa mara, kwa sababu jiwe hili linastahili kujuliwa vizuri na anayelivaa.

"Mistari imechorwa na fundi."

Hakuna fundi anayechora. Akiki ni silika, madini yale yale yanayotengenezea kioo. Lava ya volkano inapopoa, viputo vya gesi huacha matundu ndani yake. Baadaye maji yaliyobeba silika hupenya humo, na silika huganda tabaka juu ya tabaka kutoka ukutani kuelekea katikati. Chuma kidogo hutia wekundu na rangi ya kahawia. Pasipojaa hubaki uwazi wenye fuwele. Kwa nje jiwe halina sura, kama kiazi kilichotoka kuchimbwa sasa hivi, na uzuri wake huujui mpaka lipasuliwe.

"Basi kazi ya fundi ni kung'arisha tu."

Hapa ndipo watu wanapomdhulumu mkataji. Mchoro hakuuumba yeye, lakini kuonekana kwake kumo mikononi mwake. Jiwe ni lile lile: msumeno ukiyakata matabaka kwa kukingama, unapata mistari myembamba iliyopangika, ukipita sambamba nayo, unaweza kuishia na bapa la rangi moja lisilo na kitu. Matabaka yaliyovimba nusu duara yakikatwa vyema hutoa "jicho", miviringo ndani ya miviringo. Mkato ukikosea kidogo, jicho limeliwa na msumeno. Na iko akiki ambayo matabaka yake ni membamba mno hata yanautawanya mwanga. Ikikatwa nyembamba na kushikwa mbele ya taa hutoa rangi za upinde wa mvua, ilhali ikiwa mezani huoni hata moja. Ndiyo maana mkataji mzuri hulilowesha jiwe, akaligeuzageuza, akapiga mstari wa penseli kabla ya kuwasha mashine.

Msumeno wenyewe una chembe za almasi ukingoni. Kisha inakuja misasa, kutoka mkali hadi laini, na mwisho unga wa kung'arishia wa oksidi ya seriamu juu ya ngozi. Ukiruka hatua moja, jiwe likiwa majimaji hutaona kosa. Likaushe, liinamishe chini ya taa: mikwaruzo hii hapa, na lazima urudi nyuma.

Maji yanayotiririka juu ya msumeno si ya kupoza tu. Vumbi la silika likivutwa huharibu mapafu, na hayaponi. Khambhat, huko Gujarat nchini India, akiki imechongwa kwa karne nyingi, na shanga za akiki nyekundu zimefukuliwa hata kwenye miji yetu ya kale kama Kilwa. Wasagaji wengi wa Khambhat wameugua silikosisi, yaani ugonjwa huo wa mapafu. Kijana wa hapa anayetaka kujifunza kazi hii, namwomba atafute maji na barakoa kabla ya kutafuta mashine.

"Rangi kali ndiyo alama ya jiwe halisi."

Mara nyingi ni kinyume chake. Buluu ya kung'ara na waridi iliyokoza kwa kawaida zimetiwa. Akiki ina vinyweleo vidogo sana. Tabaka moja hunywa rangi, jirani yake hukataa, na mistari huonekana kana kwamba imezaliwa hivyo. Idar-Oberstein, mji wa wakataji akiki nchini Ujerumani, uliuendeleza sana ufundi huu karne ya 19, mawe ya Brazili yalipoanza kuingia huko. Kupata nyeusi, jiwe hulowekwa kwenye maji ya sukari, kisha asidi ya salfa huigeuza sukari kuwa kaboni humo humo ndani. Wekundu nao hukolezwa kwa kulichoma jiwe lenye chuma. Kutia rangi sioni ubaya wake; ubaya ni kumficha mnunuzi. Tazama nyufa: rangi ikiwa imejikusanya pale, ujue imetiwa, na nyingine hupauka juani.

"Ile miti ndani ya jiwe ni mimea iliyoganda."

Siyo. Ni oksidi za manganizi na chuma zilizotambaa na kutawanyika zenyewe. Mawe haya mara nyingi hayana mistari, kwa hiyo wako wasioyahesabu kuwa akiki kamili.

"Hii ni akiki ya hapa hapa Zanzibar."

Wageni huambiwa hivi, nami hunisikitisha. Unguja kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Pemba ina udongo na mchanga mwingi zaidi, lakini lava ya kuzaa akiki haiko huko wala huku. Kilicho chetu ni fedha iliyofuliwa na mkono wa sonara, na hicho kinatosha kuuzwa kwa jina lake.

"Likikwaruza kioo, ni akiki."

Ugumu wake ni 6.5 hadi 7 kwa kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, na kioo cha kawaida ni kama 5.5, kwa hiyo litakwaruza kweli. Lakini mawe mengine ya silika yatakwaruza pia, na yaliyotiwa rangi vilevile. Afadhali lenzi: kioo kilichoigizwa mara nyingi huonyesha viputo vya duara ndani yake. Na pete iliyokwisha kufungwa jiwe usiijaribu kwa kukwaruza kabisa, maana fedha ni laini na itaumia yenyewe.